Kona Isiyofyekwa ya Shamba la Tolan

Ukitaka kumuudhi Sabina Tolan, mwambie hujui babu yako alizaliwa nyumba gani. Atakutazama kana kwamba umeingia dukani bila suruali. Kwake yeye mtu asiyejua kwao alikuwa amepotea, na kumwacha arudi alikotoka hivyo hivyo, bila kumwonyesha hata jiwe, ilikuwa dhambi ya kupeleka kwa padri.

Duka lake lilikuwa njia panda ya Gortnaleck, upande wa kaunti ya Mayo kulikojaa mawe na mvua. Mbele aliuza sukari, mishumaa na viatu vya mpira. Nyuma palikuwa na baa ndogo ambamo wanaume watatu wangeweza kugombana kwa raha na wanne wangebanana. Kila kiangazi Wamarekani walimiminika pale na viatu vyao vyeupe, kila mmoja akitafuta asili yake. Sabina hakuwauliza jina la ukoo. Lingemsaidia nini? Akina Moran peke yao walikuwa wanajaza kanisa. Aliwauliza majina ya watoto wa yule aliyevuka maji, kwa mpangilio, kuanzia wa kwanza. Huko mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na wasichana vivyo hivyo kwa mabibi zao, na ole wake mama anayeleta jina la kuokota. Ukishamtajia Sabina watoto wanne, alishafunga duka, alishakushika mkono, anakupeleka mlimani kwenye ukuta uliobaki wa nyumba yenu, na njiani anakusimulia nani kati ya watu wenu alikuwa mlevi.

Yeye mwenyewe hakuwa na mtoto wa kumpa jina la mtu. Wazazi wake walikufa angali mdogo, akalelewa na Festus, ndugu wa baba yake, kapera aliyejifunza kusuka nywele za msichana kwa kusuka kwanza mkia wa farasi. Alipokua alikwenda Coventry kufua mashuka ya hospitali. Alirudi siku aliposikia ami yake amevunjika nyonga, akasema amekuja wiki mbili, na hakuondoka tena. Wanaume wawili walimposa. Mmoja alikuwa mnywaji na mwingine alitaka duka liuzwe. Sabina alisema wazi kwamba kumkubali yule mnywaji alikufikiria kidogo. Kwa hiyo alibaki na duka, na Festus, na mdomo wake ambao parokia nzima iliuogopa na kuupenda.

Kiangazi cha mwaka themanini na nne akaingia Lorraine Pavlik. Alikuwa mwalimu mstaafu wa Scranton, Pennsylvania, mjane, mnene, mpole, na koti la mvua la manjano ambalo ng'ombe walisimama kulishangaa. Alimwita Sabina kwa jina lake tangu neno la kwanza, bila dada wala bibi, na Sabina akamsamehe kama alivyowasamehe wenzake wote. Akamwekea chai nzito na mkate wa zabibu kavu, akamwambia ataje watoto.

"Anthony," Lorraine akasema. "Halafu Honor, huyo ndiye bibi yangu, aliyenilea. Halafu Martin."

Mkono wa Sabina ukasimama na birika hewani. Nyumba moja tu pale Gortnaleck iliwahi kuwa na watoto kwa mpangilio huo, na nyumba hiyo haikutajwa. Aliuliza ukoo wao, ingawa alishajua, na Lorraine akajibu Gildea.

Sabina aliweka birika chini. Akasema, bila hata kupepesa macho, kwamba akina Gildea hawakuwahi kuishi upande huu, labda aulizie parokia ya pili, ng'ambo ya ziwa. Ilikuwa mara ya kwanza kumdanganya mtu aliyekuwa anakunywa chai yake. Aliona aibu palepale, akamkatia kipande kingine cha mkate.

Lorraine alikwenda ng'ambo ya ziwa. Akarudi, akauliza kwa mtunza nyumba wa padri, akauliza kwa Colman Durkan fundi wa matrekta, akauliza kwa wazee waliokaa nje ya kanisa baada ya misa. Wote walimpokea vizuri, wote walimsikitikia, na hakuna aliyewahi kusikia jina hilo. Msidhani walikutana mahali kupanga uongo. Watu wa Gortnaleck hawana haja ya kukutana. Wanajua tu lisilosemwa, kama wanavyojua njia ya kisimani.

Kila alasiri alirudi dukani na soksi zimelowa, na Sabina akazianika karibu na moto bila kumtazama machoni. Alasiri ya tatu Lorraine akaeleza shida yake.

"Sitafuti nyumba, Sabina. Wala sitafuti ndugu," alisema. "Martin alifia huku kwa dondakoo, ana miaka tisa. Baba yao alimchimbia kaburi peke yake, shambani. Hakuna jirani hata mmoja aliyekuja na sepetu. Bibi alilia kwa ajili ya hilo mpaka anakata roho. Aliniapisha nije nimtafute jirani, mmoja tu, amwekee Martin bonge la udongo. Nimechelewa kwa sababu naogopa ndege. Sasa nimebaki mimi tu. Nikifa mimi, hakuna tena atakayejua kwamba yule mtoto alikuwepo."

Kesho kutwa, saa sita mchana, basi lingempeleka uwanja wa ndege, na hakuwa mtu wa kurudi tena.

Sabina alimsikiliza huku anafuta kaunta ambayo ilikuwa safi. Alijua lile kaburi lilipo. Alilijua tangu utotoni, kwa sababu lilikuwa kwenye shamba lao wenyewe, kona ya juu, penye ukuta wa mawe. Kila kiangazi Festus alifyeka nyasi za ng'ombe shamba zima, na akifika kwenye kona hiyo alizunguka, akaacha nyasi zikue mpaka zianguke zenyewe. Sabina alipouliza kwa nini, akiwa binti mdogo, aliambiwa kwamba wasichana wanaouliza sana huota ndevu.

Habari yenyewe aliipata vipande vipande, kwa watu wengine. Zamani za makabaila, akina Tolan walishindwa kulipa kodi ya shamba baada ya viazi kuoza, wakatupiwa vyombo nje. Sheria ya majirani ilikuwa moja: mtu akifukuzwa, shamba lake haliguswi na mtu, liote magugu mpaka kabaila ashike adabu. Gildea, aliyekaa mlango wa pili, alilichukua. Akahamia mle mle ndani ya nyumba yao. Kuanzia siku hiyo alisusiwa. Mhunzi hakumpigia farasi wake kiatu, dukani hakuuziwa chumvi, kanisani benchi lao lilikuwa lao peke yao. Mtoto wake alipokufa seremala hakumtengenezea jeneza. Na huko kaburi huchimbwa na majirani. Hawaitwi, wanasikia tu msiba na wanakuja, kila mtu na sepetu yake. Siku ile hawakuja. Gildea akachimba mwenyewe pale konani, na haukupita muda akavuka maji na waliobaki. Baadaye sana shamba likarudi kwa akina Tolan, na jina la Gildea likafa midomoni mwa watu.

Siku iliyofuata, wakati wa chakula cha mchana, Sabina alipiga moyo konde. Alimpakulia Festus nyama na kabichi, akamwachia amenye kiazi cha kwanza, ndipo akamwambia kwamba yule mama wa koti la manjano ni mjukuu wa Gildea.

Festus alikuwa mzee aliyekula chumvi nyingi, na tangu aache kusikia vizuri alikuwa akisikia anayotaka tu. Hili alilisikia. Akaweka kisu mezani.

"Jina hilo halitajwi ndani ya nyumba hii."

"Anaondoka kesho, ami. Anaomba bonge moja la udongo kwa ajili ya mtoto. Haombi kingine."

"Bibi yangu alifia kwenye kibanda kando ya mtaro," Festus alisema, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Mvua ilikuwa inamdondokea usoni. Na pale alipolala alikuwa anauona moshi wa jiko lake mwenyewe. Jiko lake, Sabina. Gildea ndiye alikuwa anaota moto wake."

"Najua, ami."

"Hujui. Wewe umehadithiwa na watu baki. Mimi nilihadithiwa na aliyeona."

Hapo Sabina alikuwa amepatikana. Festus akaendelea. Akasema parokia hii iliwabeba. Mhunzi, babu yake Colman, alikataa pesa za Gildea wakati wanawe wanalala njaa, na alifanya hivyo kwa ajili ya akina Tolan. Leo Tolan ndiye awe wa kwanza kwenda kulipamba kaburi la Gildea? Watu watasemaje? Watasema wamemsahau bibi yao. Yeye hatakufa na fedheha hiyo.

"Na ile kona," Sabina akauliza taratibu, "ni nani asiyeifyeka?"

Mzee alisimama, akachukua fimbo yake, akatoka kwenda kuangalia ng'ombe, saa ambayo ng'ombe hawakuwa na shida na mtu. Kiazi chake kikabaki sahanini kimemenywa nusu.

Sabina alirudi dukani amefura, na bahati mbaya ya Colman Durkan ni kwamba ndiye aliyeingia wa kwanza kununua sigara. Alimwakia. Alimuuliza ni kwa nini mtu mzima, baba wa watoto, anamtazama mjane usoni na kumwambia hajui Gildea, na babu yake ndiye aliyewafungia karakana. Colman akawa mwekundu mpaka masikioni. Akasema kwani Sabina mwenyewe alimwambia nini yule mama?

"Mimi ni Tolan," Sabina akasema. "Wewe Gildea alikukosea nini?"

"Mimi? Hakunikosea kitu. Hata sura yake siijui." Colman alikuwa anazungusha kofia mikononi. "Hayo ni yenu, dada. Sisi tunanyamaza kwa heshima ya mzee Festus. Tungemwambiaje huyo mama, halafu mzee asikie? Mke wangu hajalala tangu juzi kwa huruma."

Sabina akakaa juu ya gunia la unga. Kwanza alicheka, kisha machozi yakamtoka, na Colman hakujua aangalie wapi. Festus alinyamaza kwa kuwaogopa majirani, majirani walinyamaza kwa kumstahi Festus, na baba na babu zao walifanya vivyo hivyo kabla yao. Wote walikuwa wanalinda hasira ya mtu mwingine. Na katikati ya heshima zote hizo alilala mtoto wa miaka tisa bila hata jiwe.

"Kesho asubuhi," alisema akijifuta kwa aproni, "kuna udongo wa kupindua kwenye kona yetu ya juu. Sikuiti wewe wala simwiti mtu. Nimesema tu."

Colman alivaa kofia, akaondoka na kusahau sigara zake.

Jioni ile, jua lingali juu kama lilivyo huko wakati wa kiangazi, Sabina alikwenda nyumba aliyofikia Lorraine akamwambia yote. Alianza na lake: kwamba alimdanganya huku anamlisha mkate, na anaomba radhi. Halafu akamweleza la Gildea, bila kulitia sukari. Lorraine alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, sanduku lake liko wazi, na kadiri alivyosikia ndivyo alivyozidi kujikunyata. Hakuwa anajua. Kule kwao alisimuliwa tu kwamba majirani walikuwa na roho mbaya.

"Basi sina haki ya kuomba kitu," alisema mwishowe. Akaanza kukunja gauni ambalo lilikuwa limeshakunjwa. "Tulichukua nyumba ya watu. Bibi yenu alikufa nje. Ningejua nisingekuja, Sabina."

Hapo Sabina alichemka. Alimnyang'anya lile gauni.

"Baba yake alinyakua shamba. Martin alinyakua nini? Alikuwa anachunga bata. Kesho utavaa hilo koti lako la ajabu, utanifuata, na tutasimama pale mimi na wewe. Jirani ulitaka mmoja. Mimi ni mmoja."

Asubuhi kulikuwa na manyunyu. Sabina alitoka na sepetu mkononi. Mlango wa chumba cha Festus ulikuwa umefungwa na hakubisha hodi. Alimpitia Lorraine, wakapanda mteremko wa shamba mpaka konani. Nyasi zilikuwa zimewafika kiunoni. Sabina alizilaza kwa mguu, akamwonyesha mwinuko mdogo ambao usingeujua kama hujaambiwa, na Lorraine akapiga magoti kwenye maji akaweka kiganja chake juu yake.

Wakasubiri. Sabina alijifanya anakagua ukuta. Moyoni alikuwa anawatukana majirani zake mmoja mmoja kwa majina, na alikuwa amefika kwenye akina Moran aliposikia chuma kikigonga jiwe upande wa njia. Alikuwa Colman na mkewe, kila mmoja na sepetu. Nyuma yao mtunza nyumba wa padri, na ya kwake ilikuwa imetengenezwa kwa kupanda maua. Nyuma yake wazee wa nje ya kanisa. Halafu wengine, na wengine, wanaruka ukuta na kusaidiana kwa mikono, na hakuna aliyesema ameitwa.

Waliifanya kazi kama inavyofanywa. Kila mmoja alikata bonge la udongo lenye nyasi, akaliweka juu ya mwinuko, akaligonga mara moja kwa mgongo wa sepetu. Kisha akafuta mkono kwenye koti, akamwendea Lorraine, akamshika mkono, akasema, "Pole kwa msiba." Hivyo hivyo, wote, maneno yale yale wanayoambiwa wafiwa wa jana. Lorraine alilia mpaka koti la manjano likatikisika. Alijaribu kuwaambia asante, akashindwa, akawa anaitikia kwa kichwa tu.

Sabina aliweka bonge lake, akamkumbatia, akatazama chini bondeni. Saa ya basi ilikuwa inakaribia na yeye alikuwa na uchungu. Majirani wote walikuwa wamekuja, na nyumba moja tu, ya kwao, iliyotakiwa pale kuliko zote, ilikuwa imejifungia.

Ndipo watu wakaanza kusogea pembeni. Festus alikuwa anapanda mteremko. Alikuwa amevaa suti yake nyeusi ya mazishi, na badala ya fimbo alijikongojea kwa sepetu ya zamani ya mpini mrefu, ya baba yake, iliyokaa darini miaka mingi. Hakuna aliyethubutu kumshika mkono. Alifika, akasimama mbele ya Lorraine akihema, na mvua inamtiririka kofiani.

"Baba yangu alikuwa nyuma ya ukuta huu," alisema, na akagusa jiwe kwa ncha ya kiatu. "Siku ile. Alikuwa rika la Martin, walikuwa wanachunga bata pamoja kabla ya mambo yale. Alitoroka kibandani na sepetu hii aje amchimbie mwenzake. Alimwona yule mzee anachimba peke yake, na hakuweza kuruka. Aliogopa watu. Alipokuwa anakufa aliniambia hayo, akasema, usiniulize zaidi, ila pale usifyeke."

Akainama. Ilimchukua muda kuinama, na muda zaidi kukata. Sabina alitaka kwenda kumsaidia. Colman akamshika kiwiko. Mzee akaweka bonge moja la udongo, akaligonga. Akapumzika. Kisha akakata la pili, akaliweka kando ya lile la kwanza, na hakuna aliyeuliza lile la pili ni la nani.

Akavua kofia. Akampa Lorraine mkono.

"Pole kwa msiba, binti Gildea," akasema.

Lorraine alimtazama Sabina, maana hakujua kinachojibiwa. Sabina akamnong'oneza, naye akalirudia polepole, kwa sauti iliyowafikia wote waliokuwa ukutani.

"Tumeshapoa, mzee."